Fomu Isiyo na Tarehe

Saa nne asubuhi, Mashauri, fundi seremala, aliingia katika ofisi ya ustawi wa jamii na kusimama mbele ya meza ya afisa Dafrosa.

"Nimekuja kujishtaki, dada."

Dafrosa akachukua fomu. "Umemfanya nani nini?"

"Bado sijampiga mtu. Jana nilimwinulia mke wangu mkono, mwanangu akajitupa chini ya meza na kufunika kichwa. Ana miaka minne. Hakuna aliyemfundisha kujificha. Mimi nilifundishwa na kipigo cha baba."

Kwa miaka kumi na moja Dafrosa alikuwa akipokea watu baada ya kuumizwa. Hakuna aliyewahi kuja mapema hivi. Penye tarehe ya tukio hakuandika kitu. Alivuta kiti chake mpaka upande wa Mashauri.

"Umefanya vizuri kuja, kaka. Mkeo anajua uko hapa?"

"Hajui. Tangu jana hatusemeshani."

"Basi twende ukamwambie. Nitakuwa nawe."

Walipofika, Mashauri alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni. Ndani, vishindo vya miguu midogo vikaja mbio mpaka mlangoni, vikasita.