Nakala Namba Moja

"Ifute," mama alisema. Alikuwa ameishika simu ya Scolastica kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kaa la moto.

"Haifutiki, mama."

"Acha uongo. Picha zangu za kipaimara ulizifutaje?"

Scolastica alicheka, mama hakucheka. Basi akamweleza kama Evarist wa duka la simu pale Dongobesh alivyomweleza yeye. Siku hizi mwandishi hampigii magoti mchapishaji. Unaandika hadithi yako, unaiwekea picha, unaisajili kwenye blokcheini, yaani kompyuta nyingi za duniani zinaitunza kwa pamoja. Unatoa nakala chache, kila moja na namba yake, na watu wananunua na kuziweka. Nakala ni kama ng'ombe aliyepigwa chapa: hata auzwe minada mingapi, alikotoka kunajulikana. Na hakuna wa kuifuta, hata aliyeiandika.

"Ndiyo uzuri wake," alisema. "Yonas hafi tena, mama. Hata sisi tukiondoka, yeye atakuwepo."

Mama aliketi juu ya gunia la maharage.

Yonas alikuwa kaka yake Scolastica. Tope la mlima Hanang liliposhuka Katesh, yeye alikuwa kibarua wa ujenzi kule Jorodom. Mwili haukuonekana. Hapa nyumbani, kijiji cha Daudi, walizika jeneza lenye koti lake na viatu, na mama akakataa katakata kaburi kuwekwa saruji. Hata kesi ya mzee Hermani ilikufa siku hizo hizo, maana Yonas peke yake ndiye aliyewaona waliomuua mzee yule na kuswaga ng'ombe wake. Shahidi hayupo, washitakiwa wakarudi makwao.

Tangu hapo mama alikuwa na jambo lake. Kila siku ya mnada, akisharudi, alisonga ugali, akaupeleka na maziwa ya mgando nyuma ya shamba, kwenye jiwe jeupe ukingoni mwa msitu. Asubuhi bakuli lilikutwa tupu, limefunikwa kifudifudi. Siku moja Scolastica alimfuata kwa kunyatia. Akasikia mluzi ndani ya ukungu: mrefu, kisha mfupi mara mbili, vile vile Yonas alivyopiga enzi za kuchunga. Alikimbia hadi jikoni, na hakumwuliza mama kitu. Wazee husema aliyekosa kaburi hula nje.

Hayo yote aliyaandika. Kijiji, siku ya mnada, bakuli, mluzi. Picha ya juu ilikuwa ya jiwe lenyewe. Na nakala namba moja ilichukuliwa siku ile ile.

"Unamwogopa katekista, mama? Kwamba atasema unalisha mizimu?"

"Katekista!" Mama aliguna. "Ungeandika ya katekista ningelala usingizi. Nani ameisoma?"

"Watu tu."

"Watu wana majina."

"Huko hawana, mama."

Mama alisimama, akajifunga khanga kiunoni. Ilikuwa siku ya mnada. Alisema anakwenda Dongobesh kumtafuta huyo Evarist, maana aliyeweza kuweka ataweza na kutoa. Mlangoni aligeuka. "Akija mtu kuuliza, sema umetunga. Umenisikia? Yote umetunga."

"Sawa, mama."

Jamani, sawa ya mtoto.

Mchana mtu alipiga hodi. Alikuwa wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, fimbo ya kuchungia mkononi.

"Shikamoo," Scolastica alisema.

"Marahaba, binti. Mwandishi ni wewe? Basi mwenye nakala namba moja ni mimi."

Alimtolea kigoda, akamletea maziwa kwenye kibuyu. Mgeni alikunywa polepole. Hadithi aliijua yote, hata sentensi ambazo Scolastica mwenyewe alikuwa amezisahau.

"Ule mluzi, ulitunga?"

Neno la mama lilimfika kwenye ulimi. Lakini msomaji wa kwanza maishani mwako, ametoka mbali, utamwambia ulimdanganya?

"Niliusikia kwa masikio yangu haya."

"Na bakuli hufunikwa?"

"Kila mara."

"Mzimu wenye adabu," mgeni alisema. Wakacheka wote wawili.

Aliomba alione jiwe. Mgeni haachwi atangetange, kwa hiyo Scolastica alimsindikiza hadi mwisho wa mahindi, akamwonyesha kwa mkono. Jiwe lilionekana jeupe, ukungu umeanza kulifunika.

"Rudi nyumbani, binti. Niache nimwombee."

Alirudi akiimba. Hata vyombo alivyoosha siku hiyo viling'aa.

Mama alifika jioni, kapu kichwani, uso umesinyaa. Evarist alikuwa amemjibu vile vile: haifutiki.

"Mama, yule mnunuzi wangu amekuja! Mwenye namba moja! Yuko kwenye jiwe, anasali."

Kapu lilianguka, nyanya zikatawanyika uani. Mama hakuziangalia. Tangu mazishi hakuwahi kulitamka lile jina, hata kwenye sala ya marehemu alinyamaza wengine wakilitaja. Sasa alikuwa anakimbia katikati ya mahindi, miguu mitupu, akiliita kwa pumzi yake yote.

"Yonas! Yonas, usitoke! Baba, usitoke!"

Kutoka kwenye ukungu mluzi ukamwitikia: mrefu, kisha mfupi.

Scolastica alisimama uani, nyanya mkononi, akisubiri ule mfupi wa pili.