Kipaji cha Lea

Kocha Asukile alisimamisha pikipiki katikati ya barabara, akasahau hata kuizima.

Kwenye mteremko chini ya barabara, mtoto wa kike wa miaka kama sita alikuwa akijipindua. Alibiringika mara nne mfululizo, akaruka juu, akatupa miguu huku na huku, akatua kwa mikono, akapinduka tena. Alimalizia kwa kujitosa mzima mzima kwenye mfereji wa kumwagilia kabichi. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwezi wa sita, Kilolo.

Asukile alikuwa amekuja kununua mbegu za viazi. Siku hiyo alirudi Mbeya bila mbegu.

"Nimefundisha jimnastiki miaka kumi na moja," aliwaambia wazazi wa mtoto, kofia ngumu ikiwa bado mkononi. "Sijaona anayejituma namna ile."

Mtoto aliitwa Lea. Alikuwa jikoni kando ya moto, amefungwa kanga. Mama yake, Veneranda, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kumgombeza kwa kulowesha sweta.

"Hiyo jimnastiki ndiyo sarakasi?" aliuliza Philbert, baba yake.

"Hapana, mzee. Jimnastiki ina majaji."

Philbert akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Kocha alieleza. Timu yake ilikuwa Mbeya mjini, jirani na Mwanjelwa, na ilishindana na timu za mikoa mingine. Watoto waliotoka mbali walikaa kwa dada yake, wakasoma shule ya karibu, wakarudi kwao likizo. Lea angeanza Julai.

"Ana miaka sita," alisema Veneranda.

"Ndiyo umri wenyewe, mama Lea. Akifika kumi, mifupa inakuwa imeshaamua."

"Viatu bado namfunga kamba mimi."

"Kwenye jimnastiki hawavai viatu."

Mabishano yalichukua wiki tatu. Kila yalipoanza, Lea alitumwa nje akachume mboga, na kwa wiki tatu nyumba ile haikukosa mboga.

Philbert alitaka aende. Veneranda hakutaka. Aliuliza nani huko angejua kwamba mtoto ana homa, maana Lea akiumwa hasemi, hunyamaza tu. Philbert alisema dada wa kocha amelea watoto wanne. Veneranda alisema huyo wake hayumo kati ya hao wanne. Wakakaa siku mbili bila kusemeshana.

Siku ya tatu, wakipukuchua mahindi uani, Philbert alisema bila kuinua macho:

"Mimi nilifaulu la saba. Nikapangiwa sekondari Iringa mjini. Baba akauliza ng'ombe watachungwa na nani. Sina ubaya naye. Lakini sitaki Lea aje anikumbuke kama ninavyomkumbuka yeye."

Katika miaka tisa ya ndoa, Veneranda hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alimaliza hindi lililokuwa mkononi, akachukua jingine, akalimaliza pia.

"Aende," akasema.

Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka macho yakakauka.

Alimnyoa Lea nywele. Alimshonea kaptula mbili, akaandika jina lake ndani ya kila nguo, hata soksi. Kila jioni alimfundisha kufunga kamba za viatu. Siku ya nne Lea aliweza. Veneranda akasema vizuri, akageukia sufuria.

Jumamosi kocha alirudi na fomu. Philbert akatia sahihi. Veneranda akatia yake chini, taratibu, herufi moja moja. Begi lilikuwa tayari mlangoni.

"Kabla hatujaondoka," alisema kocha, akitoa simu, "naomba nimrekodi pale pale. Mwenyekiti wa klabu anataka kumwona."

Wote wanne wakashuka mpaka kwenye mteremko. Kocha akapiga goti, akaielekeza simu. Lea akasimama kwenye nyasi, mikono ubavuni. Akatazama chini, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Haya, Lea," kocha alisema kwa upole. "Fanya kama siku ile."

Lea hakusogea.

"Usiogope," alisema Philbert. "Ruka tu kama ulivyoruka."

"Siwezi, baba."

"Kwa nini?"

Katika wiki zote tatu, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza ambalo Lea aliulizwa. Aliinama akazikagua nyasi kwa mara nyingine, ili awe na uhakika.

"Leo hakuna siafu."