Jalada la Shuweikha

Mhariri wa jarida alitaka machozi kwenye jalada. Kwenye kompyuta, Nasra alikuwa ameweka picha mbili za mwimbaji Shuweikha, aliyeachika wiki iliyopita. Katika moja alifuta macho kwa leso. Katika nyingine alicheka, mwanya wazi, akimtazama msomaji usoni.

“Weka ya machozi, na maandishi mekundu makubwa,” mhariri alisema. “Watu hununua majonzi.”

“Hayo si majonzi, bosi. Alipaliwa na pilipili. Nilikuwepo.”

“Msomaji hajui.”

“Basi twende tukamuulize.”

Nasra alichapa majalada yote mawili, akayavisha majarida ya zamani, akateremka nayo hadi kwenye meza ya muuza magazeti mbele ya ofisi. Mhariri alimfuata akiguna. Nasra hakuwa na wasiwasi. Miaka kumi ya kupanga majalada ilimfundisha kwamba jicho la mpita njia hunaswa na jicho linalomtazama.

Wengi walitupa macho wakaendelea na safari. Kisha mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya akasimama. Aligusa lile la machozi, akaliacha. Akachukua la kicheko, akalisogeza karibu na uso.

“Huyu si ndiye aliyeachwa?”

“Ndiye,” Nasra alijibu.

“Mbona kapendeza hivi!”

Mhariri alifungua mdomo aseme kwamba lile ni la majaribio tu. Nasra akamshika mkono. Yule mama alikwisha kulipa, anavuka barabara huku anasoma, jarida kaliinua mbele ya kifua, na Shuweikha akiwachekea wote waliopishana naye.