Posa ya Juu ya Paa

"Mzee, usitembee! Paa likitikisika tunaanza upya."

Baba akabaki amesimama kwa mguu mmoja. Jua lilikuwa limezama punde tu. Kati ya tangi la maji na kamba za nguo, mwanamume mwenye miwani alipiga magoti akisawazisha darubini ya kisasa, ile inayozitafuta nyota yenyewe na kuzipiga picha. Jasho lilimtiririka utadhani ndiye anayehukumiwa.

Na hukumu ilikuwepo kweli. Binti wa pekee alitaka kuolewa, na Baba alikuwa ameapa kutotoa idhini mpaka ajionee kwa macho yake. Mchumba wa kwanza alikuwa mwongo wa kutupwa. Wa pili alijua kila kitu, hasa asichokijua. Baba aliogopa, tena sana, mwanawe asije akaumizwa mara ya tatu.

"Huyu ana subira?" akamnong'oneza binti.

"Kuliko mtu yeyote ninayemjua." Binti alikuwa akiipangusa lenzi taratibu kwa kitambaa laini.

"Ulevi je?"

"Hagusi, Baba."

Mwanamume mwenye miwani akabonyeza simu. Darubini ikageuka kushoto, ikasita, ikageuka kulia, kisha ikasema kwa sauti nyororo: "Samahani. Sijui nilipo."

Baba akapigwa na butwaa. Katika ukoo wao hapakuwahi kutokea mwanamume aliyekiri kwamba amepotea. Yeye mwenyewe akiwemo.

"Ni kawaida, mzee," akasema mwenye miwani. "Inapiga picha ya anga, inailinganisha na ramani yake, halafu inajirekebisha."

"Bila kugombezwa?"

"Bila kugombezwa."

Wakangoja giza likolee. "Nilikosea kidogo," ikasema darubini. "Sasa niko sawa."

Kwenye kioo cha simu wingu la gesi la mbali kule angani likaanza kujitokeza, picha juu ya picha, jekundu, kisha la zambarau. Baba hakuweza kuyazuia machozi.

"Nimeridhika," akasema. "Nakupa binti yangu."

Mwanamume mwenye miwani akafunga begi lake la bisibisi, akasema wateja wengine wanamsubiri dukani, akashuka ngazi mbio.

Baba akainama, akaushika mguu wa darubini kwa mikono yote miwili. "Karibu nyumbani, mkwe wangu."

Darubini ikainamisha lenzi kwa adabu.