Kura ya Matuta

"Kura zimelingana," mwenyekiti wa kamati ya barabara alisema. "Amebaki Seleyian."

Akina mama wa Kitengela waliokuwa wakidai matuta mbele ya shule walijazana dirishani, pua zimegandamana na kioo.

Mume wa Seleyian, mwenye malori ya mchanga yanayopita barabara hiyo, aliketi nyuma kabisa. Asubuhi alikuwa amemwambia, "Mama watoto, hayo matuta yatatumalizia biashara."

Mwenyekiti alimgeukia Seleyian.

"Unaunga mkono ama unapinga?"

Aliwatazama wale wa dirishani, akajikuta anatabasamu. Akainua mkono.

"Naunga mkono! Na yajengwe wiki hii!"

Nje vigelegele vililipuka. Nyuma yake kiti kiliburutwa, na hatua za mumewe zikaanza kuja mbele. Seleyian hakushusha mkono.