Kidole Kwenye Lami

"Torgeir, wewe fundi au sanamu? Wageni wanalowa mvua mlangoni wakingoja umalize!" nilimfokea. Supu ya samaki ilikuwa tayari, naye bado alikuwa amepiga magoti, msumeno mkononi, mbele ya gogo lililooza kwenye ukuta wa mkahawa wangu, hapa bandarini Bergen.

"Hebu njoo uone, mama."

Kwenye lami ya msonobari iliyoziba ufa wa gogo, fundi aliyejenga nyumba hii miaka mia tatu iliyopita alikuwa ameacha alama ya kidole gumba. Kila mstari ulionekana.

"Likate tu," nilisema. Lakini kidole changu kilikuwa kimeshaingia mle, kikakaa sawasawa.

Mlango uligongwa tena.

"Nikate, mama?"

"Wafungulie wageni," nilinong'ona. "Waambie wavue glavu, waje waguse."