Ncha ya Gongo

Delphine aliiona kadi ya besiboli ya marehemu baba yao, yenye picha ya mchezaji akiinua gongo la kupigia mpira, mezani kwa kaka yake, pale Cleveland. Kingo zake zilikuwa kali kama wembe.

"Nani amekutuma uikate?"

"Pembe zilichakaa, dada. Sasa si inaonekana mpya?"

Aliyeibuni kadi ile aliliacha gongo la mchezaji lipite fremu ya rangi ya dhahabu iliyozunguka picha, ncha ikaingia kwenye ukingo mweupe. Hapo ndipo baba alipokuwa akiweka kidole na kucheka: "Huyu kadi haimtoshi."

Sasa gongo halikuwa na ncha.

"Nimepunguza weupe tu," kaka akasema.

Delphine aliitia kadi mkobani, kisha akafungua kiganja.

"Nipe na funguo za nyumba ya baba."